Mwezi Haukunila

Nilizaliwa na mdomo wa juu uliopasuka upande wa kushoto mpaka puani, ule ambao watu huuita mdomo sungura. Kwa ukoo wa baba yangu jambo hilo halikuwa na fumbo lolote. Mama, akiwa na mimba yangu ya miezi sita, alitoka nje usiku ambao mwezi ulikuwa umepatwa, akautazama, kisha akajipangusa mdomo kwa kiganja. Pale alipojishika yeye ndipo nilipopasuka mie. Hadithi iliishia hapo. Ilisimuliwa kwenye harusi, ikasimuliwa kwenye matanga, na kila binti wa ukoo aliposhika mimba iliamshwa upya, nami nikiwa nimekaa palepale mkekani kama kielelezo kilicholetwa mahakamani.

"Mtazameni huyu," bibi mzaa baba alikuwa akisema, akininyooshea kidole. "Mama yake tulimkanya. Hakusikia."

Ukoo huo ni wa Waarabu wa Temeke, watu wa duka la nafaka na vitambaa tangu enzi za babu yake baba. Mama alitoka Njombe. Alikuja Dar kufanya kazi ya ukarani kwenye yadi ya malori, akakutana na baba aliyekuwa akifuatilia magunia ya mchele pale, wakaoana bomani kwa sababu hakuna upande uliokubali kuozesha kwa dini ya upande wa pili. Bibi hakumfukuza. Alimpa chumba cha uani, akamfundisha kupika pilau na kuoka mikate ya mayai, na akamfundisha pia kwamba pale nyumbani yeye ni mgeni.

Maelezo ya mama kuhusu usiku ule hayakuwa marefu. Walikuwa wanaoka vitu vya Idi, akatumwa kwa jirani kuazima trei, umeme ukakatika mtaa mzima. Akarudi akipapasa ukuta kwa mkono mmoja, trei ameikumbatia kwa mkono wa pili.

"Mwezi sikuuona," aliniambia nilipokuwa mkubwa kiasi cha kuuliza. "Ningeuonea wapi? Mie nilikuwa natafuta mlango."

Nilipozaliwa, bibi aliagiza nisitolewe nje. Arobaini ikapita, bado nikawa wa chumbani. Wageni wakija kumpongeza baba, waliambiwa mtoto amelala. Mama anasema siku moja alinisikia nikilia huku bibi, sebuleni, akimwambia mgeni kwa sauti tamu kabisa, "Amelala, mashallah, analala sana huyu." Mama akaninyanyua, akapita na mie katikati ya sebule, akatoka hadi barazani mbele ya duka ambako wateja walikuwa wamejaa, akakaa kwenye benchi na kuanza kuninyonyesha.

Bibi alimfuata. "Mrudishe ndani. Unatuaibisha."

"Mama, mie nakuheshimu," mama akajibu. "Lakini mwanangu si aibu. Na mwezi haukumla. Umeme ulikatika, basi."

Jioni ile akafunga nguo zake kwenye shuka, akaenda kupanga chumba Kiwalani, karibu kabisa na njia ya ndege, ambako kodi ilikuwa nafuu kwa sababu ya kelele. Baba alibaki Temeke. Hakuwa mtu wa maneno, na mbele ya mama yake hata yale machache aliyokuwa nayo yalimkaukia. Lakini mwezi wa pili haujaisha alitokea pale Kiwalani nyuma ya mkokoteni uliobeba godoro na meza, akabisha hodi, akauliza kama kuna chai. Mama akamwambia ipo. Hawakuwahi kulizungumza zaidi ya hapo, na hakurudi tena kuishi Temeke mpaka alipofariki.

Nilishonwa nikiwa nimeshaanza kuongea, mwaka ambao walikuja madaktari wa kushona watoto kama mie bila malipo. Mama alikesha kwenye foleni. Kovu lilibaki, na linauvuta mdomo juu kidogo upande mmoja, kwa hiyo muda wote naonekana kama mtu anayetaka kusema jambo. Mara nyingi huwa ninalo kweli. Shuleni waliniita sungura, wakanitengenezea na masikio ya makaratasi. Nilipigana sana. Mama hakunikataza kupigana. Alinikataza kulia nikiwa bado njiani.

Nilikuwa kidato cha pili mwalimu wa jiografia alipochora ubaoni jua, dunia na mwezi. Alikuwa mtu wa Singida, mrefu, mwenye kuandika kwa haraka na kufuta kwa haraka zaidi. Alituambia kwamba mwezi unapozidi na kupungua, si dunia inayoutia kivuli. Nusu ya mwezi huangazwa na jua wakati wote. Sisi ndio tunaiona ile nusu kwa pembeni, kidogo leo, zaidi kesho, mpaka unapokuwa mpevu tunaiona yote. Kivuli cha dunia ni jambo jingine. Hicho huufikia mwezi siku moja tu, siku ya kupatwa, na hakiwezi kuufikia isipokuwa ukiwa mpevu, kwa sababu ndipo dunia inapokuwa katikati na jua liko ng'ambo ya pili. Jua nalo hupatwa mwezi ukiwa mchanga kabisa, haujaandama, kwa sababu ndipo unapopita kati yetu na jua.

"Sasa mwalimu, mbona kila mwezi mpevu haupatwi?" mwenzetu mmoja akauliza.

Mwalimu akachukua vifuniko viwili vya ndoo, akavishika kimoja ndani ya kingine, kimoja akakiinamisha kidogo. Njia ya mwezi imelala kwa kuinama, alisema. Miezi mingi hupita juu ya kivuli chetu au chini yake. Siku inapokutana nacho sawasawa, unapatwa.

Wenzangu waliandika. Mie nilikuwa nimeinua kichwa namwangalia, kalamu imekauka mkononi. Maisha yangu yote nilikuwa nimesimuliwa usiku mmoja, na ilikuwa mara ya kwanza kusikia kwamba usiku kama huo una masharti.

Ilikuwa Ramadhani. Jumamosi ile, kama ilivyokuwa desturi, nilitumwa Temeke kusaidia futari. Mama hakukanyaga tena kwenye ile nyumba, lakini hakuwahi kunizuia mie kwenda. "Ni kwenu," alikuwa akisema. Nikamkuta bibi amekaa kwenye mkeka uani, na shangazi, dada yake baba, akimenya mihogo. Nikaamkia, nikachukua kisu, nikakaa.

"Bibi," nikasema baada ya muda, "ule usiku mama alipotoka nje, ilikuwa mwezi gani?"

"Usiku upi?"

"Wa mwezi kupatwa."

Alifurahi kuulizwa. Akajiweka vizuri. "Ramadhani. Kumi la mwisho. Ishirini na saba, nakumbuka vizuri, tumebanana hapa tunaoka, watu wengi jiko moja. Trei hazitoshi. Nikamtuma mama yako kwa jirani."

Nikaacha kumenya. Katika miaka yote ile ya kusimulia, hakuwahi hata mara moja kusema ni nani aliyemtuma. "Saa ngapi hiyo?"

"Watu wametoka tarawehe. Saa tatu za usiku, saa tatu na nusu."

"Na mwezi wa ishirini na saba, bibi, unachomoza saa ngapi?"

Alinijibu bila kufikiri, maana maisha yake yote alikuwa akiufuata mwezi kwa macho. Alijua mfungo gani umeandama lini, na aligombana na redio kila mwaka kuhusu siku ya Idi. "Huo wa alfajiri. Mwembamba kama ukucha. Watu wanakula daku ndiyo kwanza unachungulia."

Mikono ya shangazi ikasimama.

"Basi saa tatu usiku haukuwepo angani, bibi. Kisichokuwepo kinapatwaje? Na hata ungekuwepo, mwezi haupatwi ishirini na saba. Unapatwa ukiwa mpevu tu, kumi na nne, kumi na tano hivi. Umeme ulikatika. Mama alisema umeme ulikatika."

Kuku mmoja alikuwa akiparura maganda ya mihogo, na hakuna aliyemfukuza.

"Huo mdomo umeshonwa juzi," bibi akasema taratibu, "leo ndio unanifundisha mie mwezi?"

"Sikufundishi, bibi. Umesema mwenyewe."

"Ondoka mbele yangu."

Nikaondoka kabla ya adhana. Shangazi alinikimbilia mpaka kwenye kona ya barabara, akanitia mkononi sambusa zilizofungwa kwenye gazeti. "Umemkosea adabu bibi yako," akaniambia, akihema. Nilisubiri aseme pia kwamba nimekosea hesabu. Hakusema.

Njia nzima mpaka Kiwalani nilikuwa najiona nimerudi na nyara. Nilimkuta mama anapiga pasi sare yangu. Nikamweleza yote, mwalimu, vifuniko vya ndoo, ishirini na saba, mwezi wa alfajiri, na jinsi bibi alivyojifunga kwa ulimi wake mwenyewe. Ndege ikapita chini chini juu ya paa, ikabidi ninyamaze. Mama akaendelea kupiga pasi mpaka mngurumo ulipoisha. Nilikuwa nasubiri acheke, au anikumbatie, au walau aseme afadhali.

"Kwa hiyo ungekuwa mwezi mpevu," akasema, "lingekuwa kosa langu?"

"Hapana, mama, mie nilikuwa..."

"Ndivyo ulivyomwambia bibi yako. Umemwambia mama hana hatia kwa sababu mwezi haukuwepo." Aliweka pasi chini. "Mie sina haja ya mwezi kunitolea ushahidi. Ungekuwepo, ukapatwa, nikausimamia nje mpaka ukaachiwa, nikajishika mdomo na pua na masikio, bado nisingekuwa nimekukosea kitu. Umenisikia?"

"Nimekusikia."

"Jumatatu usisahau soksi."

Ilinichukua miaka kuyaelewa maneno yale sawasawa. Kwanza nilimwona hana shukrani. Baadaye nikaona kwamba kila nilipotaka kumtoa mama kwenye kesi, nilikuwa nakubali kwamba kesi ipo.

Nikawa mwalimu, wa jiografia pia. Nafundisha shule ya sekondari upande wa Pugu, na kila mwaka nikifika kwenye mada ya mwezi nazima taa, nafunga madirisha, nawasha tochi ya simu, na kumpa mwanafunzi mmoja chenza kwenye kijiti azunguke nalo. Kila mwaka kuna anayeuliza kwamba, madamu, mjamzito akiuona itakuwaje. Namwambia asogee karibu auangalie mdomo wangu vizuri. Kisha namwambia kwamba mama yangu hakuuona mwezi wowote, na wajawazito wengi mno duniani wameuona ukipatwa na watoto wao wana midomo mizima. Darasa huwa kimya kabisa hapo. Nakiri kwamba napenda kimya kile.

Bibi alifariki bila kubadili hata neno moja. Hadithi akairithi shangazi.

Mie na mume wangu, mwalimu wa hesabu, tulikaa miaka mingi bila mtoto. Mimba mbili ziliharibika. Ya tatu ikashika, na Septemba ile ilipofika nilikuwa nimeingia mwezi wa saba, naanza kutembea kwa kuegemea nyuma. Zilikuwa zimepita siku chache tu tangu Maulidi, mwezi unakaribia kuwa mpevu, na redio zote zikawa zinatangaza kwamba Jumapili jioni utapatwa wote, na Dar tutauona mapema tu, hata watoto hawajalala.

Shangazi alipiga simu Ijumaa.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Keshokutwa ujifungie ndani. Pazia ushushe. Na usijishike popote, hasa mdomo."

"Keshokutwa nitakuwa nje, shangazi. Nimealika majirani."

"Miaka yote hiyo unamlilia Mungu," akasema, "amekupa, unaichezea?"

Maneno hayo yaliniuma kuliko nilivyotaka yaniume. Na hakuwa peke yake. Jirani yangu wa ukuta mmoja, binti mwenye mimba changa, alishanunua kitambaa cheusi cha dirisha. Hata muuguzi wa kliniki, mtu aliyesoma, alinipima presha na kuniambia kwa upole, "Madamu, si ukae tu ndani? Kwani unapoteza nini?"

Hilo ndilo swali lililonikaa kichwani. Kwa kweli ningepoteza nini? Saa chache za kutazama angani. Mume wangu, ambaye hajawahi kuamini kitu kisichoweza kuandikwa kwa tarakimu, naye aliniuliza Jumamosi usiku, akiwa ananikanda miguu, "Ukikaa ndani, kuna ubaya gani lakini? Nauliza tu."

"Nikikaa ndani," nikamwambia, "nitakuwa nimekubali kwamba na mama alitakiwa kukaa ndani."

Jumapili mchana mume wangu alitoa viti uani, akafagia, akaondoa matofali yaliyokuwa yamebaki kwenye ujenzi wetu usioisha. Mama alikuja kutoka Kiwalani na mkeka wake kwapani, miguu imemvimba, analalamika kuhusu kilima chetu.

Mwezi ulichomoza upande wa mashariki juu ya mabati ya majirani, mkubwa, wa manjano, hauna dosari. Watoto wa mtaa walikuwa wamejaa kwenye uzio. Giza lilipokwisha kuingia, ukaanza kumegwa upande wa chini. Mara ya kwanza watu walibishana kama ni wingu. Kisha mmego ukawa wazi, na nikawaonyesha watoto jinsi ukingo wa kivuli ulivyopinda: ule mviringo ni wa dunia, ni wa kwetu, tumo humo ndani sote na nyumba zetu. Mtoto mmoja akainua mkono na kuupunga, aone kama kivuli chake kitapunga. Msikiti wa bondeni ukawaita watu kwenye sala ya kupatwa kwa mwezi. Sala ile ndefu niliijua toka Temeke. Niliwahi kumsikia imamu wao mwenyewe akiwakumbusha watu kwamba mwezi haupatwi kwa ajili ya mtu yeyote, na bibi akiwa amekaa safu ya kina mama, anaitikia kwa kichwa.

Simu ikaita. Shangazi.

"Uko wapi?"

"Niko nje."

"Haya," akasema, na nikamsikia akianza kuomba dua kabla hajakata. Sikukasirika. Mtu akikuombea huku anakulaumu, unafanyaje? Nikaitikia amina.

Ukafunikwa wote. Haukuzimika, ulikuwa mwekundu, mzito, kama kitu unachoweza kukishika.

"Kama tofali la kuchoma," mama akasema. "Kama tanuri la kwetu Njombe likishafunuliwa." Alikuwa amenyoosha miguu kwenye mkeka, kichwa amekiegemeza kwenye kiti changu. Ndiyo ilikuwa mara yake ya kwanza kuuona mwezi ukipatwa. Mwanamke aliyelaumiwa kwa mwezi huo umri wangu wote alikuwa hajawahi kuuona.

Nikainua mkono, nikajishika mdomo. Nikalipitishia kidole kovu langu lote kutoka chini mpaka puani, taratibu, mbele ya majirani. Mwanamke mmoja kwenye uzio akavuta pumzi kwa sauti.

"Jikune na mgongo basi, tumalize kazi," mama akasema, na tukacheka mpaka tumbo likanikaza, mume wangu akaja mbio kuuliza kama ni uchungu.

Dirishani kwa jirani niliona pazia jeusi likisogea kidogo kwenye pembe, kisha likatulia. Sikumwita. Tumbo lilikuwa lake.

Mwanangu alizaliwa mwishoni mwa Novemba, msichana. Nilijua kabla sijaonyeshwa, kwa jinsi chumba kilivyonyamaza.

"Ni mdomo?" nikauliza.

"Ndiyo, mama," mkunga akasema.

"Upande gani?"

"Kushoto."

Sitasema sikulia. Nililia sana, kwa sababu niliyajua masikio ya makaratasi, niliijua foleni, na nilijua ni nani atakayepiga simu. Lakini waliponiwekea kifuani, akafungua ule mdomo na kulia kwa hasira, nilimtambua. Sijawahi kumtambua mtu haraka namna ile.

Daktari alinieleza kwamba jambo hili wakati mwingine hutembea katika familia, na mara nyingi halijulikani limetoka wapi. Akaniambia pia kwamba mdomo wa mtoto hufunga, au hushindwa kufunga, wiki za mwanzo kabisa, wakati wanawake wengi hawajajua hata kama wana mimba. Hiyo Septemba tulipokuwa tunatazama angani, huyu alishakuwa na mdomo wake huu zamani, anakunywa na kupiga mateke.

Kunyonya kulimshinda siku ya kwanza; hewa ilikuwa inapita kwenye pengo. Muuguzi akazungumzia chupa. Mama, ambaye alikuwa amelala kwenye kiti usiku mzima, akainuka, akanawa mikono. "Mkalishe, usimlaze. Titi lizibe pengo lenyewe. Bonyeza hapa kwa kidole gumba. Hivyo." Mtoto akashika. Mama akarudi kwenye kiti chake na kusinzia tena, kama mtu aliyekuja kuelekeza njia akamaliza.

Shangazi alikuja wiki iliyofuata nyumbani Pugu, na kanga mbili mpya na uji wa pilipili manga kwenye chupa ya chai. Akampokea mtoto, akamfunua, akamtazama muda mrefu. Macho yakamjaa machozi.

"Tulikukanya," akasema.

Nilikuwa na majibu yote tayari. Wiki za mwanzo, familia, daktari, ishirini na saba. Mama alikuwa kitandani anakunja nepi, hakuinua uso. Nikayaacha majibu yote palepale yalipo.

"Shangazi," nikamwambia, "huyu ni mjukuu wako. Ukimbeba, mbebe. Ukitaka kusimulia habari za mwezi, mlaze kwanza, halafu utoke ukazisimulie nje. Mie mwanangu hatakulia mkekani anasimuliwa."

Tangu siku ile ya benchi la barazani, hakuna mtu wa ukoo ule aliyewahi kuambiwa hivyo. Shangazi akanitazama, akamtazama mama, akamtazama mtoto. Nilidhani ataondoka, na nilikuwa tayari aondoke.

Hakumlaza. Akamsogeza begani, akaanza kumpigapiga mgongoni. "Amecheua huyu?" akauliza. "Mnamwacha na hewa tumboni."

Miezi minne baadaye tulimpeleka kushonwa. Tulikuwa kwenye benchi la wodi tukisubiri, mtoto analia kwa njaa kwa sababu tuliambiwa asinyonye. Pembeni yangu alikaa binti mdogo kutoka Mbagala, naye na mwanawe, kamfunika uso wote kwa kanga. Alinitazama kovu langu, akamtazama mtoto wangu, akajivuta karibu.

"Dada, samahani," akasema kwa kunong'ona. "Wewe wa kwako ulifanya nini?"

"Nilimzaa."

"Hapana, namaanisha, mpaka akawa hivi."

"Hakuna nilichofanya kingine. Nilimzaa tu."

Akamsogeza mwanawe mapajani. "Mie mama mkwe anasema ni kwa sababu nilichinja kuku nikiwa na mimba."

"Ulichinja kweli?"

"Nilichinja. Ilikuwa sikukuu, wanaume hawapo."

"Alikuwa mtamu?"

Alinishangaa. Kisha kicheko kikamtoka, akajaribu kukizuia, kikamshinda, mpaka muuguzi akatutazama vibaya. "Alikuwa mtamu sana," akasema, akijifuta macho.

Wangu aliingia wa kwanza. Alitoka na nyuzi ndogo nyeusi chini ya pua na uso uliovimba kama mpiga ngumi. Sasa ameanza kuota meno, na anang'ata kila kitu anachofikishiwa, kijiko, kanga, simu ya baba yake, na juzi kidole cha shangazi, mpaka mwenyewe shangazi akapiga kelele.